Zabibu bila sumu hapa Dodoma: mvua uachie udongo, we vuna kiangazi

Watu wengi wakisikia kilimo hai cha zabibu wanadhani ni kuacha tu kupulizia dawa, yaani unakaa pembeni unaangalia, alafu msimu wa kwanza ubwiri (ule ugonjwa wa ukungu) unaingia unamaliza shamba na mtu anaapa kwamba hii kitu Dodoma haiwezekani. Inawezekana kabisa, ila kuna uamuzi mmoja unatakiwa uufanye kabla hujagusa hata jembe, nao ni kukubali kuvuna mara moja kwa mwaka badala ya mara mbili. Najua hapo wengi watafunga ukurasa, naomba mnivumilie kidogo nieleze.

Mzabibu wa hapa kwetu haulali kama wa Ulaya, kule baridi inaukausha majani unalala wenyewe miezi kadhaa, huku joto lipo mwaka mzima kwa hiyo sisi ndo tunaulaza kwa kukata maji na kuuamsha kwa kuupogoa (kupruni tunavyosema shambani). Toka siku ya kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi mitatu na nusu hadi minne, ndo maana tunaweza kuvuna mwezi wa 8 na wa 9, tukapogoa tena wa 10 au wa 11, tukavuna tena wa 2 na wa 3. Sasa angalia hayo mavuno ya pili yanaangukia wapi. Mvua ya Dodoma ni ndogo, milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, yaani maua, vichala vichanga na zabibu zinazoiva vyote viko juu ya mti wakati majani yanalowa kila siku ya pili. Ubwiri unapenda hapo. Ndo wakati mtu anapiga dawa kila wiki, na akipitisha wiki moja tu vichala vinaoza.

Mi nililima hivo miaka minne. Mavuno ya mvua yalikuwa yananila dawa na vibarua kuliko nilichokuwa napata, sukari ya zabibu iko chini, mnunuzi anashusha bei, na udongo ulikuwa umekuwa mgumu kama sakafu. Nilipoacha ndo nikaanza kuona shamba linapumua.

Wenzetu wa India, kule Nashik jimbo la Maharashtra, wamezoea hii siku nyingi: wanapogoa mara mbili wanavuna mara moja. Kupogoa kwa kwanza ni kwa ajili ya kujenga mti tu, mvua ikija mti unatengeneza majani na matawi na kuweka akiba kwenye shina na mizizi, alafu mvua ikiisha wanapogoa mara ya pili kwa ajili ya matunda, wanavuna kukiwa kukavu. Sisi tunageuza kalenda tu. Mwezi wa 11 unapogoa kwa kujenga, vishada vya maua vikitokeza unavinyofoa kwa mkono vikiwa bado vidogo, inauma moyo lakini vinyofoe vyote. Mvua yote inakuwa ya mti na ya udongo. Mwishoni mwa mwezi wa 4 au mwanzo wa wa 5, mvua zikikata, unapogoa kwa matunda na unavuna Agosti na Septemba. Kama huwezi kupoteza mavuno yote ya mvua kwa mkupuo, gawanya shamba, nusu ya mistari ipumzike mwaka huu nusu mwaka kesho.

Haya tuje kwenye udongo. Zabibu Dodoma zilianzia kwa mapadri wa Bihawana miaka ya 1950, na mpaka leo ukanda wa Bihawana, Mpunguzi, Hombolo, Veyula na Makutupora una udongo mwekundu wa kichanga ambao mzabibu unaupenda kwa sababu maji hayasimami. Ila udongo huo huo ni maskini wa mboji na unaondoka haraka. Wazee wa Kondoa wanakumbuka mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipate kupona. Makorongo yale yalianza na mvua moja kukuta ardhi iko wazi. Kwa hiyo ukikwatua shamba la zabibu likabaki jekundu tupu linang'aa, ambalo wengi wanaliita shamba safi, jua kwamba mvua ya Desemba inapita na udongo wako wa juu kwenda bondeni.

Kabla ya kupanda fanya vitu viwili. Chimba shimo la mita moja uangalie, mara nyingi utakuta tabaka gumu sentimita 40 au 60 chini, hilo ni lazima livunjwe kwa sululu au trekta la kupasua la sivyo mizizi inageukia pembeni na mti unakauka kiangazi. Pili mwaga ndoo ya maji kwenye shimo, yakikaa mpaka kesho yake usipande hapo. Ukiweza peleka sampuli ya udongo na maji kupimwa, kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kazi yao ni zabibu hasa kwa hiyo ushauri wao unaendana na kwetu. Maji usiyasahau, visima vingi huku vina chumvi, ukiona unga mweupe juu ya udongo na kingo za majani zinaungua ujue ndo hiyo. Ukiwa unavuna kiangazi tu, mvua nzima inasafisha ile chumvi kuishusha chini, na mboji nyingi inasaidia mizizi ivumilie.

Mistari iende kwa kukingama na mteremko, kamwe isishuke nao. Chimba makinga maji, udongo unaotoa utupe upande wa juu, ndo ile fanya juu, na juu ya tuta panda nyasi zenye mizizi mirefu zishike. Nafasi ninayotumia ni mita 3 mstari kwa mstari na mita 1.5 mche kwa mche, ekari inabeba kama miche 900. Shimo sentimita 60 kila upande, debe mbili za samadi iliyooza vizuri, udongo wa juu unarudi kwanza. Nguzo na waya ni vilevile kama mashamba mengine yote sina jipya, isipokuwa ncha ya nguzo usiipake oili chafu wala kununua iliyolowekwa sumu kali, ichome moto mpaka ngozi ya nje iwe mkaa ndo uifukie, si dawa ya milele lakini inachelewesha mchwa.

Samadi kwetu si shida, mazizi ya Wagogo yapo kila kijiji. Shida watu wanaibeba mbichi na kuimwaga shinani, inaunguza mizizi, inaleta mbegu za magugu na chumvi. Ioze kwanza. Na huku kwetu usirundike mboji juu ya ardhi kama wanavyofanya watu wa Kilimanjaro maana jua linaikausha kabla haijaiva, chimba shimo la mita moja, weka mabua ya mtama au uwele chini, kisha majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo kidogo, mwagia maji, rudia mpaka lijae, funika na nyasi. Choma mti mrefu katikati uuache humo. Ukiuchomoa baada ya wiki uko wa moto na una unyevu basi kazi inaendelea, ukiwa mkavu ongeza maji, ukiwa na harufu mbaya pindua. Miezi mitatu hivi umepata. Kama kuna mtu jirani anakamua mchuzi wa zabibu (juisi ya kutengenezea mvinyo) muombe makapi, wengi wanatupa, yana faida sana, ila yana uchachu kwa hiyo yapite kwenye shimo la mboji kwanza.

Katikati ya mistari mvua ya kwanza ikinyesha panda kunde au ngwara au choroko. Ngwara naipenda zaidi, mizizi inazama na inakaa kijani hata mvua ikikata. Hizi jamii ya mikunde zinavuta naitrojeni hewani na kuiweka chini, zinafunika ardhi, na majani ya kunde ni mboga ya nyumbani. Zikianza kutoa maua zikate kwa panga zilale hapo hapo, usizing'oe, mizizi iachie humo humo ioze itengeneze njia za maji. Ikifika mwezi wa 5 umeshapata blanketi. Ongeza mabua mpaka unene wa kiganja, ila acha sentimita 30 wazi kuzunguka shina. Mtu ataniuliza mchwa je? Mchwa anapenda kitu kikavu kilichokufa, ukimpa mabua anakula mabua, ni shamba tupu ndo linamlazimisha apande kwenye mzabibu. Na zile njia zake chini ya ardhi ndo zinapitisha maji ya mvua.

Dawa ya kuua magugu naomba uache kabisa. Nenda shambani mwezi wa kwanza uangalie hayo yanayoitwa magugu, nusu yake ni mlenda pori, mama zetu wanauchuma wanaukausha wanakula mwaka mzima. Unaua mboga alafu unaenda kununua mboga. Fyeka tu, tena fyeka mstari mmoja uache mmoja, wiki mbili baadae ugeuze, ili wadudu wanaokusaidia wawe na pa kuhamia.

Sasa ubwiri. Upo wa aina mbili na watu wanachanganya. Ubwiri unga ni ule mweupe kama umemwagiwa unga juu ya jani na juu ya punje, huu hauhitaji mvua, unakuja hata kiangazi hasa majani yakisongamana. Ubwiri vinyoya unaanza na madoa ya njano kama mafuta juu ya jani, ukigeuza chini unakuta vinyoya vyeupe, huu ndo wa mvua. Kinga ya yote mawili ni hewa, punguza majani yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi, upande wa jua la mchana yaache yakinge maana Dodoma punje inaungua.

Kwa ubwiri unga salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai, ila piga asubuhi sana au jioni, joto likizidi nyuzi 30 inaunguza majani. Na acha kabisa wiki 5 au 6 kabla ya kuvuna, kwa sababu salfa ikibaki kwenye ganda inaingia kwenye mchuzi na mvinyo unatoka na harufu ya yai bovu, wanunuzi wanaijua hiyo harufu. Ukiwahi ubwiri ukiwa mwanzo kabisa hata maziwa yanasaidia, lita moja ya maziwa kwa lita tisa za maji, piga kukiwa na jua.

Kwa ubwiri vinyoya ni mrututu (ile chumvi ya bluu yenye shaba) na chokaa, dawa ya zamani iliyoanzia mashamba ya Bordeaux Ufaransa mwaka 1885. Gramu 100 za mrututu kwenye lita 5 za maji, gramu 100 za chokaa kwenye lita 5 nyingine, tumia ndoo za plastiki, mimina mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga, tumia siku hiyo hiyo. Tumbukiza msumari safi dakika moja, ukitoka una rangi ya shaba ongeza chokaa maana itaunguza majani. Lakini hapa ndo nataka watu wanisikilize, kuruhusiwa kwenye kilimo hai hakumaanishi haina madhara. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wa juu mwaka hadi mwaka na inaua minyoo ya ardhini, ile ile unayoilisha mboji. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani kilo 4 kwa mwaka. Mrututu robo yake ndo shaba, kwa hiyo kwa ekari moja ni kama kilo 6 na nusu za mrututu kwa mwaka mzima, na ukipiga lita 200 za dawa kwa ekari kila mpigo unakula kilo 2. Mipigo mitatu umemaliza. Anayevuna mvua mipigo mitatu haimtoshi hata kidogo, anayevuna kiangazi mara nyingi mmoja au miwili inatosha kulinda majani tu. Ndo maana nilianza na kalenda. Na kama unaachia mifugo ile majani yaliyoanguka baada ya mavuno, kondoo asiingie kwenye shamba lililopigwa mrututu, kondoo anakufa kwa shaba kidogo sana, mbuzi anavumilia zaidi lakini naye msubirishe mvua zioshe.

Wadudu sitakaa sana. Wanaosumbua zaidi ni vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaojificha kwenye magamba ya shina. Ukiwaona angalia kama kuna sisimizi wanapanda na kushuka, sisimizi wanawachunga kama ng'ombe kwa ajili ya ule utamu wanaotoa, na wanawafukuza wanaotaka kuwala. Zuia sisimizi kwa kuzungushia shina kitambaa chenye gundi au grisi, bandua magamba makavu, alafu wale wadudu wa duara wekundu wenye madoa meusi, buibui na vunjajungu watamaliza kazi. Hawaji kwenye shamba tupu, wanakuja kwenye maua, kwa hiyo acha giligilani na alizeti chache zichanue pembeni.

Ndege ndo kesi kubwa. Kila zabibu ikidonolewa watu wanasema kwelea, kwelea, na wanafurahi sumu ikimwagwa kwa eropleni. Kwelea kwelea anakula mbegu, mtama na uwele na mpunga, zabibu si chakula chake. Anayekula zabibu ni kuzumburu, yule wa mkia mrefu na kishungi anayening'inia kwenye tawi, ni shorewanda mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, na kwenzi wa bluu anayeng'aa. Na shorewanda na kwenzi miezi mingine yote wanakula viwavi na panzi wako. Sumu ya kwelea kwa upande wake inaua mwewe na bundi wanaokula wale walioanguka.

Nilichoona kinasaidia: kwanza maji. Mwezi wa 8 kila kitu kimekauka, na nadhani nusu ya madonoo ni kiu tu, nikaweka mabeseni ya maji mbali na shamba chini ya mgunga na madonoo yakapungua. Pili mistari ya pembezoni ndo inaliwa, ifunike nyavu hiyo tu, si shamba zima. Nyavu iwe na matundu madogo na ivutwe ikaze, ikilegea inanasa nyoka, vinyonga na bundi, na ikaguliwe kila asubuhi. Mavuno yakiisha itoe siku hiyo hiyo.

Bundi. Najua kwetu bundi akitua kwenye paa watu hawalali, wanasema ni mkosi au katumwa na mchawi, watoto wanampiga mawe. Ndugu zangu, yule ndege anakuja kwa sababu nyumbani kwako kuna panya. Chakula chake ni panya, na panya ndo anayetafuna mipira ya dripu (ya kumwagilia kwa matone) na magome ya miche michanga. Mbuyu kama upo shambani usiukate hata ukileta kivuli, ndani ya matundu yake wanalala bundi na popo, na popo wale wadogo wanakula nondo usiku kucha. Sumu ya panya usiweke, panya akiila anatembea siku kadhaa kabla ya kufa, bundi au nguchiro anamla naye anakufa, mwaka unaofuata unabaki na panya bila askari. Nyoka vilevile, wengi wanaokaa kwenye mabua kazi yao ni panya. Vaa gambuti ukiingia kuvuna, gongagonga fimbo kwanza, na angalia unapokanyaga.

Nyuki wanalaumiwa bure. Mdomo wa nyuki haupasui ganda la zabibu nzima, ukimkuta kwenye kichala ujue ndege au nyigu alishatangulia kutoboa. Mzabibu wenyewe hauhitaji nyuki, maua yake yanajichavusha, lakini alizeti na giligilani zako zinafaidi, na asali ya Dodoma inauzika. Mizinga ikae mwisho kabisa wa shamba.

Uzio weka wa mimea, minyaa na michongoma, unazuia ng'ombe na pia unakinga dawa inayopeperuka kutoka kwa jirani, hiyo ni muhimu kama unataka kuuza kwa alama ya Kilimohai chini ya TOAM (chama cha kilimo hai Tanzania) maana mkaguzi ataangalia jirani analima nini. Ongea na jirani mapema, akwambie siku anayopiga. Visiki vya miti ya asili vilivyobaki mipakani usivichimbe, chagua vichipukizi viwili vitatu vilivyonyooka punguza vingine, ndo ile kisiki hai, miaka michache una kivuli na nguzo zako mwenyewe bila kununua.

Kuvuna anza alfajiri, saa kumi na mbili mpaka saa nne basi, zabibu ikipata joto inaanza kuchacha kwenye kreti kabla haijafika kwa mkamuaji. Pima sukari kwa refraktomita, kama huna azima kwenye ushirika, usivune kwa rangi tu maana zabibu aina ya Makutupora nyekundu inabadilika rangi mapema kuliko utamu. Punje zilizooza zitoe hapo hapo shambani kwa mkasi, weka kwenye ndoo tofauti, peleka kwa kuku. Siku ya mwisho ya kuvuna mwagilia shamba vizuri mara moja, majani yabaki kijani wiki nyingine nne tano yalishe mizizi, kisha funga dripu mpaka Novemba.